Kasi ya Risasi na Masafa ya Bunduki katika Vita vya Kupinga Ukoloni

Katika kuzisimulia habari za mababu zetu waliopigana na Wajerumani, tumezoea kusema kwamba walishindwa kwa sababu adui alikuwa na bunduki nao walikuwa na mikuki. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ni ukweli wa nusu. Mababu zetu nao walikuwa na bunduki, tena maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo swali lililo bora si nani alikuwa na bunduki na nani hakuwa nayo, bali ni bunduki ya namna gani, risasi yake ilitoka mtutuni kwa kasi gani, na ilifika wapi kabla ya kuangukia ardhini. Swali hili huonekana kuwa la mafundi na askari tu. Katika insha hii tutajaribu kuonyesha kwamba ni swali la historia pia, na kwamba mwalimu wa historia na mwalimu wa fizikia wanaweza kulijibu pamoja mbele ya darasa moja.

Bunduki zilivyoenea nchini

Bunduki zilifika pwani yetu zamani, lakini ni katika karne ya 19 zilipoenea mpaka bara. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipanda kutoka Bagamoyo, Pangani na Kilwa ikiwa na bunduki, na bunduki zenyewe zikawa bidhaa kama nguo na shanga. Watawala wa bara waliiona haraka faida yake. Mirambo wa Wanyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, aliijenga dola yake kwa kutegemea vijana waitwao rugaruga, ambao wengi wao walibeba bunduki. Nyungu ya Mawe naye alifanya vivyo hivyo huko kusini ya Unyanyembe. Biashara hii ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza mjini Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka.

Sehemu kubwa ya bunduki hizo ilikuwa zile tuziitazo magobore. Gobore hushindiliwa kwa mdomoni: baruti hutiwa kwanza, kisha kitambaa au makumbi, kisha risasi ya mviringo, na vyote husukumwa ndani kwa mdeki. Baadhi yake ziliwashwa kwa gumegume na nyingine kwa fataki. Ndani ya mtutu wake hamna mifuo. Ni laini kama mwanzi. Nyingi zilikuwa silaha kuukuu ambazo majeshi ya Ulaya yalikwisha kuziacha yalipopata zilizo bora, wafanyabiashara wakazileta huku.

Gobore lilikuwa na sifa moja kubwa ambayo yafaa tuikumbuke. Lilikubali kulishwa chochote. Palipokosekana risasi ya madini, mtu aliweza kutia kipande cha chuma, msumari uliokatwa, au hata kijiwe. Mhunzi wa kijiji aliweza kulitengeneza lilipoharibika. Bunduki mpya za Ulaya, zilizotiwa risasi kwa nyuma, hazikuwa hivyo. Ziliitaka risasi yake maalumu iliyofungwa pamoja na baruti katika ganda la shaba, na ganda hilo lilitoka kiwandani. Aliyeiteka bunduki ya namna hiyo bila ya kuteka shehena ya risasi zake alikuwa ameteka rungu ghali.

Sheria iliyopima masafa

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya na wenzao walitia saini huko Brussels mkataba uliotangazwa kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake yalikuwamo masharti juu ya silaha. Katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya Ikweta, kuingiza bunduki kulipigwa marufuku, hasa zile zenye mifuo na zile za kisasa. Lakini mlango mdogo uliachwa wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti.

Tusomapo masharti hayo leo, tunaona kwamba waliokuwa wakiandika walijua fizikia yao. Hawakumkataza Mwafrika bunduki kabisa, walimkataza masafa. Walimwachia silaha ya kuwindia swala na kufukuzia nguruwe shambani, wakamnyima ile ambayo ingeweza kumfikia askari wa kikoloni kutoka mahali ambapo askari huyo alimfikia yeye. Palipokosekana tofauti hiyo, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Huko Uhabeshi, jeshi la Menelik II lililokuwa na bunduki nyingi za kisasa liliwashinda Waitalia mjini Adowa tarehe 1 Machi 1896.

Maana ya masafa ya shabaha moja

Sasa tuitazame elimu yenyewe. Risasi haiendi kwenye mstari ulionyoka. Mara itokapo mdomoni mwa mtutu huanza kuvutwa na ardhi kama vile embe lililokatika tawini. Katika nusu ya kwanza ya sekunde huanguka mita 1.2 hivi, iwe imetoka kwa kasi kubwa au ndogo. Tofauti kati ya risasi ya kasi na risasi ya pole haimo katika kuanguka. Imo katika umbali inaokwenda wakati inapoanguka.

Kwa sababu hiyo mpiga bunduki huuelekeza mtutu juu kidogo ya mstari wa jicho lake. Risasi hupanda, hufika kileleni mwa tao lake, kisha hushuka. Mtu anayelenga mbali hana budi kuinua kilengeo na kukisia umbali, na kukisia umbali katikati ya vita ni kazi ngumu hata kwa askari aliyefundishwa miaka mingi. Lakini upo umbali ambao ndani yake hakuna haja ya kukisia chochote. Mpiga bunduki hulenga katikati ya shabaha tu, na risasi, hata ikipanda kidogo au ikishuka kidogo, bado itaigonga. Umbali wa mwisho wa namna hiyo tutauita masafa ya shabaha moja.

Masafa haya hukadiriwa kwa urahisi ikiwa twaijua kasi ya risasi itokapo mtutuni. Tuchukue shabaha ya kimo cha nusu mita, yaani karibu na kifua na tumbo la mtu mzima. Tukilenga katikati yake, risasi imeruhusiwa kupanda sentimita 25 juu ya mstari wa jicho, na kushuka sentimita 25 chini yake. Kwa kanuni ya vitu viangukavyo, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huifahamu, risasi inayopanda sentimita 25 hadi kileleni hutumia sekunde 0.226. Kutoka kileleni mpaka mpaka wa chini ni sentimita 50, na kuanguka huko huchukua sekunde 0.319. Jumla ni sekunde 0.545, yaani zaidi kidogo ya nusu ya sekunde.

Hapo ndipo penye siri ya jambo lote. Muda huo ni ule ule kwa kila bunduki, kubwa kwa ndogo, mpya kwa kuukuu. Kwa hiyo masafa ya shabaha moja ni umbali ambao risasi inaweza kwenda kwa muda wa zaidi kidogo ya nusu ya sekunde. Kama pasingekuwa na hewa, tungeizidisha kasi kwa 0.545, basi. Lakini hewa ipo, nayo huikamata risasi na kuipunguza mwendo kila hatua. Kwa makadirio ya darasani tunaweza kushika kanuni hii nyepesi: chukua nusu ya kasi ya risasi, kisha ondoa sehemu moja katika kumi. Jibu litakuwa ni masafa ya shabaha moja kwa mita. Si jibu la mhandisi wa silaha, kwani umbo na uzito wa risasi huleta tofauti zake, lakini linatosha kutuonyesha sura ya mambo.

Yafaa tuongeze jambo moja. Shabaha ikiwa kubwa zaidi, masafa nayo huongezeka, lakini hayaongezeki sawa na shabaha. Hufuata kipeuo cha pili. Shabaha ya kimo mara nne huongeza muda mara mbili tu. Ndiyo maana kuongeza kasi ya risasi kulikuwa na thamani kubwa kwa watengenezaji wa silaha: kimo cha binadamu hakibadiliki, lakini kasi yaweza kuongezwa.

Bunduki tatu zapimwa

Tuitumie kanuni hiyo kuzipima bunduki tatu zilizokuwamo nchini mwetu katika miaka ya 1890 hadi 1918.

Ya kwanza ni gobore. Kasi ya risasi yake haikuwa moja, kwani ilitegemea wingi na ubora wa baruti, na baruti ya biashara mara nyingi ilikuwa duni. Hata tukilipa heshima ya mita 300 kwa sekunde, nusu yake ni 150, nasi tukiondoa sehemu moja katika kumi twabaki na mita 135. Lakini gobore halikuweza kuyatumia hata masafa hayo machache. Kwa kuwa mtutu wake hauna mifuo, na risasi yake ya mviringo hukaa ndani kwa kulegea, risasi hutoka ikigongagonga kando za mtutu na kwenda upande usiojulikana. Zaidi ya mita 80 au 100 mpigaji hakuweza kuwa na hakika ya kumpata mtu mmoja. Hapa twajifunza kwamba kasi hutupa mpaka wa juu tu. Usahihi wa bunduki waweza kuuleta mpaka huo karibu zaidi.

Ya pili ni bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa silaha ya kawaida ya askari wa jeshi la Wajerumani katika koloni hili. Ilitiwa risasi moja moja kwa nyuma, na mtutu wake ulikuwa na mifuo iliyoizungusha risasi ili ishike njia. Risasi yake ilikuwa ya milimita 11, nzito ya gramu 25, nayo ilitoka kwa kasi ya karibu mita 430 kwa sekunde. Nusu ya 430 ni 215. Tukiondoa sehemu moja katika kumi tunapata mita 193. Tuseme mita 200 kwa kukadiria. Usahihi wake ulitosha kuyatumia masafa hayo yote.

Ya tatu ni Mauser ya mwaka 1898, iliyotumia baruti isiyo na moshi, na ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 ilipewa risasi nyepesi ya gramu 10 yenye ncha kali. Kasi yake ilikuwa karibu mita 880 kwa sekunde. Nusu yake ni 440, na baada ya kupunguza tunabaki na mita 396. Linalopendeza ni kwamba Wajerumani walipokibadilisha kilengeo cha bunduki hiyo kwa ajili ya risasi mpya, alama yake ya chini kabisa ikawa ni mita 400. Yaani askari aliambiwa asihangaike na umbali wowote ulio chini ya huo. Hesabu yetu nyepesi na kazi ya mafundi wao zimekutana mahali pamoja.

Masafa ni muda

Mita 80, mita 200, mita 400: tarakimu hizi zaweza kuonekana kavu. Lakini kwa mtu aliyesimama mbele ya mtutu, masafa si umbali, masafa ni muda. Tuseme mpiganaji mwenye mkuki anaweza kukimbia mita 5 kwa sekunde katika majani na mawe. Kuzivuka mita 80 za gobore kutamchukua sekunde 16. Mwenye gobore, ambaye kushindilia kwake hutaka nusu dakika au zaidi, atapiga mara moja tu, kisha mkuki utakuwa umemfikia. Kwa sababu hiyo mkuki na gobore viliweza kukaa pamoja katika vita vya bara bila ya kimoja kukifuta kingine.

Sasa tuchukue mita 200 za Mauser ya 1871. Kuzivuka ni sekunde 40. Askari aliyefundishwa aliweza kupiga risasi moja katika kila sekunde 6 hivi, kwa hiyo atapiga mara sita kabla hajafikiwa. Askari 50 watapiga mara 300. Na kama mshambuliaji ana gobore badala ya mkuki, bado hana budi kutembea mita 120 ndani ya mauti ya mwenzake kabla hajafika mahali ambapo yeye naye aweza kuua. Mita 120 ni sekunde 24. Kila mpiganaji aliyeushambulia ukoloni kwenye uwanja mweupe alilipa deni la sekunde hizo, na alilipa kwa damu.

Lugalo: masafa yalipofutwa

Wahehe chini ya Mkwawa walilielewa jambo hili bila ya kuandikiwa ubaoni. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimpa jina la Nyundo, kilikuwa kikipita Lugalo, mashariki ya mahali palipo mji wa Iringa. Askari walikwenda kwa mstari mrefu katika njia nyembamba, vichaka na mawe vikiwa kandokando. Wahehe walikuwa wamejificha humo. Ishara ilipotolewa walitoka wote kwa pamoja.

Tuyatumie tena makadirio yetu. Mtu aliyejificha hatua 30 kutoka njiani hukimbia sekunde 5 au 6 tu. Katika muda huo askari ambaye bunduki yake i begani hawezi kuishusha, kuitia risasi, kulenga na kupiga zaidi ya mara moja, ikiwa ataiwahi hata hiyo moja. Kwa kuchagua mahali, Wahehe waliyafuta masafa ya Mauser. Kwa muda mfupi kikosi kilivunjwa. Zelewski na Wazungu wengine 9 waliuawa pamoja na askari na wapagazi mamia. Bunduki zipatazo 300 na mizinga 3 vilitekwa.

Ushindi huo haukuwa wa bahati wala wa wingi wa watu peke yake. Ulikuwa ushindi wa akili iliyojua silaha ya adui ina nguvu wapi na haina nguvu wapi. Taifa letu limeuenzi ushindi huo: kambi ya jeshi jijini Dar es Salaam iliyokuwa ikiitwa Colito ilipewa jina la Lugalo. Ama Wajerumani, nao walijifunza. Waliporudi kuishambulia ngome ya Kalenga, walikuja na mizinga, wakaipiga kwa mbali, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaingia ndani. Mkwawa aliendelea na vita vya msituni kwa karibu miaka minne zaidi, mpaka alipojiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe.

Mahenge: masafa yaliposimama wazi

Vita vya Maji Maji vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu wa Nandete walipoing'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa nguvu. Kabla ya hapo, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu dawa ya maji na kuwaambia kwamba risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905, lakini habari yake ilikwisha kutangulia.

Maandishi ya wakoloni yaliicheka imani hiyo. Sisi tunaomba itazamwe upya. Watu wa kusini hawakuwa wageni wa bunduki. Walizijua, walizimiliki, na wengi wao walikwisha kuyaona matendo ya askari. Walijua kwamba kati yao na boma la Mjerumani upo uwanja ambao mtu hawezi kuuvuka akiwa na akili ya kujihesabia peke yake. Ni nini kingeweza kuwafanya watu wa makabila mbalimbali, waliokuwa hawana jeshi moja wala mfalme mmoja, wauvuke uwanja huo kwa pamoja? Maji yalikuwa ni kiapo, yalikuwa ni umoja, na kwa upande mmoja yalikuwa ni jibu la swali la mita 200. Hayakubadilisha mwendo wa risasi. Yalibadilisha moyo wa mtu aliyeikabili.

Mwanzoni moyo huo ulizaa matunda. Boma la Liwale lilianguka mwezi wa Agosti. Lakini tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro, Wambunga na wenzao walipoishambulia Mahenge kwa maelfu, hali ilikuwa nyingine. Kapteni von Hassel alikuwa na askari wachache, lakini alikuwa na bombomu mbili. Washambuliaji walikuja mchana, mahali peupe, kwa safu. Bombomu moja humimina risasi kama 500 kwa dakika. Katika zile sekunde 40 za kuzivuka mita 200, bombomu mbili ziliweza kutoa risasi zaidi ya 600, mbali ya bunduki za askari. Mamia walikufa. Hata hivyo walioshuhudia, wakiwamo maadui zao, hawakuweza kuuficha ushujaa wa watu wale waliozidi kusonga mbele juu ya miili ya wenzao. Boma halikuingiwa, lakini liliendelea kuzingirwa mpaka msaada ulipofika kutoka Iringa mwezi wa Septemba.

Bunduki iliposhindwa, njaa ikaitwa

Baada ya mashambulizi ya wazi kushindikana, wapiganaji wengi walirudia maarifa ya Lugalo. Waliingia misituni, wakagawanyika katika vikundi, wakaviotea vikosi njiani. Katika msitu wa miombo au katika matete ya bonde, jicho haliwezi kuona mita 50. Na bunduki ambayo masafa yake ni mita 200, mahali jicho linapoishia mita 50, imekuwa ni bunduki ya mita 50. Faida yote iliyolindwa na mkataba wa Brussels, iliyotengenezwa viwandani na kusafirishwa kwa meli, ilimezwa na majani.

Hapo ndipo Wajerumani walipoamua kutumia silaha isiyo na masafa. Walichoma vijiji, wakateketeza mashamba, wakazinyang'anya ghala za chakula, wakawazuia watu wasipande. Makamanda wao waliandika waziwazi kwamba njaa peke yake ndiyo ingeweza kuwatiisha wapiganaji. Songea Mbano na viongozi wenzake wa Wangoni walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, lakini vita viliendelea mahali mbalimbali hadi mwaka 1907. Wajerumani wenyewe walitaja vifo vya Waafrika 75,000. Mwanahistoria wetu G. C. K. Gwassa alikadiria kuwa ni kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wa hao hawakuuawa na risasi hata kidogo. Walikuwa wazee, wanawake na watoto waliokufa kwa njaa na maradhi katika nchi iliyochomwa.

Jambo hili ni la kuzingatiwa sana na walimu wetu. Tukisema tu kwamba mababu zetu walishindwa na bunduki, tunaficha lililo kubwa. Bunduki ilishinda viwanjani. Msituni ilifika mwisho wa masafa yake, na hapo adui akaigeukia chungu ya mama na ghala ya mtoto.

Neno juu ya Tanga

Tofauti ya bunduki haikuwatesa Waafrika peke yao. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi ya askari wa Wajerumani katika koloni hili yalikuwa bado yanabeba Mauser ya 1871 na baruti yake ya moshi. Katika vita vya Tanga, mwezi wa Novemba 1914, kila askari aliyepiga alijifunua mahali alipo kwa wingu jeupe. Waingereza walikuwa na bunduki ambayo risasi yake ilikwenda mita 744 kwa sekunde, na wanafunzi wanaweza kuitafutia masafa yake kwa kanuni yetu: watapata mita 335 hivi. Hata hivyo Waingereza walishindwa, kwani mapigano yalikuwa katika minazi, mashamba ya mkonge na vichochoro vya mji, ambamo ziada ya masafa haikuwa na kazi. Waliacha nyuma mamia ya bunduki, na askari wa Wajerumani wakazichukua. Ni lile lile somo la Lugalo.

Hitimisho

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Historia tuliyoipitia inaukubali usemi huo, lakini inauongezea: kisu kikali nacho kina urefu wake, na mwenye kuujua urefu huo aweza kusimama mahali ambapo hakimfikii, au kusogea mahali ambapo hakiwezi kuinuliwa. Wahehe wa 1891 waliujua. Wapiganaji wa Maji Maji waliulipia uwanjani, kisha wakautumia msituni.

Tunawashauri walimu wawapeleke wanafunzi kiwanjani. Wapime mita 80 na mita 200, wasimamishe mtu katika kila alama, kisha wakimbie na kuhesabu sekunde. Kijana akishazipima sekunde 40 kwa pumzi zake mwenyewe, hataweza tena kuwacheka watu waliokunywa maji kabla ya kuuvuka uwanja wa Mahenge. Ataelewa walikuwa wakivuka nini.

Fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha kwa yale yaliyotendwa na nchi yake. Matendo hayo ya heshima yana uzito wake. Lakini deni letu sisi kwa mababu ni la namna nyingine, nalo ni kuwafahamu: si kama watu waliodanganyika na maji, wala kama watu waliozidiwa tu na chuma, bali kama watu waliosimama mbele ya silaha iliyokusudiwa iwafikie mapema kuliko wao kuifikia, wakatafuta njia, na mara zaidi ya moja wakaipata.